Buti la Basi Nililotaka Liwe Nyumba Yangu

Kuna watu wa Songea wanaonijua kwa jina moja tu, "yule wa kwenye buti", na kila nikikutana nao hapa mjini najifanya nasoma mabango ya madukani mpaka wapite, kwa sababu aibu niliyoipata mbele yao haijapata dawa mpaka leo. Nawasimulia mie mwenyewe kwa kuwa mtaisikia tu kwa wengine, na wengine wanaongeza chumvi (wapo wanaosema nilitoka uchi wa mnyama, si kweli, nilikuwa kifua wazi tu, na sababu mtaiona).

Mie ni mtu wa kuhamahama. Shule niliiachia kidato cha pili, na si kwamba sikupenda kujua mambo, ila kila nilipokaa darasani nilikuwa nawaza ile barabara inayopita nje ya dirisha inaishia wapi. Nimekuwa utingo wa lori, nimeuza mitumba Tandika, nimepika kwenye kambi ya wachimba visima, na kila nilikokaa haukupita muda mrefu nikawa nafunga godoro. Sasa siku moja, nimepanga chumba Sinza nyuma ya gesti ambayo muziki wake haulali, nikaona kwenye simu video ya mtu aliyegeuza basi kuukuu kuwa nyumba: kitanda nyuma, jiko katikati, tangi la maji chini, asubuhi anafungua dirisha anaona mji mwingine. Nikasema, hii ndiyo nyumba niliyoumbiwa.

Nikaanza kuzunguka yadi za Temeke kutafuta basi. Basi la kwanza lilikuwa zuri kwa nje ila injini ikiwashwa inakohoa kama mzee wa baridi. La pili dari lake lilikuwa chini, ningepika ugali nimeinama maisha yangu yote. La tatu ndilo lililoniteka: refu, bluu iliyopauka, nasimama ndani bila kugusa dari, madirisha mapana, na chini kuna buti kubwa linalopita upande mpaka upande. Dalali wake, kijana mmoja anaitwa Kassimu, aliligonga ubavuni kwa kiganja akasema, "Braza, hii ni nyumba tayari, bado kuweka vigae tu."

Lakini mie nilikuwa nimeshaulizauliza kwa mafundi wa bodi, nikajua rangi ya basi inaweza kukudanganya kama poda ya bibi harusi, basi hukaguliwa tumboni. Kutu huanzia kwenye buti. Na njia ya kuigundua kutu iliyojificha ni rahisi: unaingia ndani, unavuta mlango, unakaa gizani, na palipotoboka mwanga utapenya wenyewe. Adhana ya adhuhuri ikalia, Kassimu akaniambia, "Kagua kwa raha zako, mie naswali narudi." Simu yangu ilikuwa ofisini kwake inachajiwa. Sikumwambia naingia kwenye buti. Niliona haya, atanionaje, mnunuzi gani anatambaa kama panya?

Nikaingia, nikatambaa mpaka nyuma kabisa lilipolazwa tairi la spea, mlango nikauvuta nikauacha wazi kidogo tu, upana wa kidole. Na kweli, nikaona vitundu vya mwanga karibu na tairi. Nikafurahi! Nikawa naviziba na kuvizibua kwa kidole, najiona mtaalamu, nawaza nitamshusha bei Kassimu mpaka alie. Hapo nikasikia hatua, mtu anakuja anaongea peke yake, "Hawa watu kufunga buti tu hawajui," halafu teke moja, pwaa, na kitasa kikalia.

Kitasa cha buti kiko nje. Kwa ndani hakuna kitu, bati tupu.

Nikapiga kelele, na kelele yangu na injini vikaanza pamoja, na injini ikashinda. Jambo ambalo Kassimu hakuniambia (na mie, pamoja na maswali yangu yote, sikuuliza) ni kwamba basi linalosubiri mnunuzi halikai bure, linakodishwa kwa misiba na harusi. Nikajipa moyo kwamba dereva anakwenda kuweka mafuta tu. Nikagongagonga, hakuna aliyesikia. Joto la mle ndani, harufu ya dagaa wa safari za zamani, jasho linaingia machoni, na basi linakata kona baada ya kona mpaka nikapotea kabisa tuko upande gani wa mji.

Hatimaye likasimama, injini ikazimwa, na nje mtu akauliza mlango wa mochwari ya Mwananyamala ni upi. Nikavuta pumzi niite. Kabla sijaita, nikasikia wimbo wa kanisani, sauti nyingi, na katikati ya wimbo mama mmoja analia, "Baba Ngonyani, mume wangu, twende Songea, nakurudisha kwenu."

Mlango wa ubavuni ukafunguliwa, mwanga ukaingia, nikaona miguu ya wanaume wamevaa suti na ncha ya jeneza inaingia polepole. Hapo ndipo nilipotakiwa kutoka. Ningesema samahani jamani, nilikuwa nakagua kutu, wangenicheka au wangenizaba kofi moja, yakaisha. Lakini fikiria wewe: watu wanalia, mjane ameshikwa mikono, halafu kutoka tumboni mwa basi anachomoza mwanamume amejaa masizi. Nikasema moyoni, acha waweke kwanza, wakigeuka nitateleza nitoke. Nikajikunja nyuma ya tairi. Wakaweka, wakafunga kamba, na kabla sijanyoosha hata mguu, mlango ukafungwa.

Sasa tukawa wawili.

Basi likaondoka, na kwa kelele za nje nikajua tumeingia Barabara ya Morogoro, kwa sababu makondakta walikuwa wanaita Kimara na Mbezi kama kawaida, dunia inaendelea na shughuli zake. Songea ni safari ya kutwa nzima na zaidi. Nikawaza nivumilie mpaka watakaposimama kula. Lakini kamba waliyofunga ilikuwa ya haraka haraka, tuta la kwanza ikalegea, la pili ikafunguka, na jeneza likaanza kuja upande wangu. Nikalizuia kwa miguu. Likirudi, naomba radhi, "Samahani mzee." Likija tena, naliweka sawa. Lile tairi lilikuwa na bolti zimechomoza, nikaona mbao inachubuka, nikavua shati nikalikunja nikaliweka katikati ili mzee wa watu asifike kwao amekwaruzwa.

Halafu moshi. Vile vitundu nilivyofurahia viligeuka kuwa bomba, moshi wa dizeli ukaanza kuingia. Mie nilikuwa natafuta tundu, sasa tundu limenipata. Kichwa kikawa kizito, macho yakawasha, nikaanza kusinzia usingizi ambao si usingizi. Nikaelewa bila kuambiwa: nikinyamaza, Songea watashusha maiti mbili. Nikigonga, wataniua wao. Nikakaa na hesabu hiyo kwa muda, nikikohoa, halafu nikapiga sakafu ya juu yangu kwa ngumi zote mbili.

Wimbo wao wa njiani ukakatika.

Nikapiga tena. Juu yangu nikasikia mtu anasema kwa sauti nyembamba, "Anagonga." Mwingine, "Nani?" Na yule wa kwanza, "Si tumemweka peke yake huko chini? Nani mwingine!" Kisha ikawa vurugu, miguu inakimbia, watoto wanalia, mtu anapiga kelele "simamisha gari, baba amefufuka," mwingine anakemea kwa jina la Yesu, basi likayumba, likapanda ukingo, likasimama. Baadaye nilijua ilikuwa Kibamba, karibu na kijiwe cha bodaboda. Sehemu mbaya kabisa ya kufufuka.

Dereva alifungua kitasa huku amejivuta nyuma, tayari kukimbia. Nami kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, nilitoka kinyumenyume, makalio kwanza, kifua wazi, masizi mwili mzima. Kina mama wakapiga mayowe. Nilipogeuka nikaona duara la watu, na kitu pekee kilichonijia mdomoni, nikasema, "Shikamooni." Kwa wote, hata vijana wa bodaboda niliowazidi umri.

"Mwizi wa maiti!"

"Mchawi huyo! Hana hata shati, si mnaona alikuwa kazini!"

"Jamani sikilizeni, nilikuwa nakagua basi, nataka kulifanya nyumba..."

"Nyumba? Ndani ya buti, na marehemu? Wewe!"

Nikala kofi, sikuona limetoka wapi. Mmoja akanishika kiuno cha suruali kwa nyuma, nikawa nasimama kwa vidole vya miguu. Nyuma kabisa ikatoka sauti, "Tairi! Leteni tairi!" na kila aliyekulia mji huu anajua tairi hilo si la kubadilisha. Nikakojoa kidogo. Nasema kidogo.

Akapenya bibi mmoja mfupi, kitambaa cheusi kichwani, shangazi wa marehemu, wanamwita Bibi Soteria. Akaninyooshea fimbo yake kidevuni. "Kabla hamjamgusa. Wewe kijana, mtu wa wapi?"

"Iringa, bibi."

"Iringa kuna wengi. Kabila gani?"

"Mhehe."

Bibi akashusha fimbo, akatazama wenzake. "Mtani," akasema. Kisha kwa sauti, "Ni mtani wetu huyu! Mtani haguswi kwenye msiba wa Wangoni!"

Nyie mnajua utani wa makabila. Babu zetu Wahehe na Wangoni walipigana vita wakachoka, wakabaki kutukanana kwa upendo, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kufanya vituko ambavyo mtoto wa marehemu mwenyewe akivifanya angepigwa. Lakini yule aliyenishika suruali hakukubali. "Bibi, kila mwizi akikamatwa atakuwa mtani! Aliyeambiwa tairi linakuja atakataa kabila?"

Watu wakaguna, kwamba ana hoja. Bibi Soteria akafikiri. "Haya. Kama ni mtani, afanye kazi ya mtani. Mtanie marehemu. Hapa hapa, mbele ya mjane."

Wakamleta yule mama, anashikiliwa huku na huku, macho yamevimba. Akanitazama. Nyuma ya watu pikipiki moja ilikuwa inaunguruma peke yake. Nimtanie mtu nisiyemjua, simjui sura, simjui kazi, mkono wa mtu uko kwenye suruali yangu! Marehemu nilimjua kwa kitu kimoja tu, safari yetu ya kutoka Mwananyamala.

Nikasema, "Mama, pole. Lakini mumeo hana adabu. Tangu Mwananyamala nimekaa naye vizuri, kila mtu na upande wake. Kila tuta ananisogelea. Namrudisha, anakuja. Amechukua buti lote, mie kanibana kwenye tairi. Nyie Wangoni hata mkifa bado mnataka kuteka nchi ya Wahehe!"

Hakuna aliyecheka. Nikafumba macho.

Halafu nikasikia kitu kama kwikwi. Ni yule mama. Ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanaruka. "Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Kitandani ndivyo alivyokuwa. Miaka yote ananisukumia ukutani." Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, wanawake wakamkumbatia, wao pia wanacheka wanalia, na mkono kwenye suruali yangu ukalegea. Bibi Soteria akainama, akachungulia kwenye buti, akaliona shati langu limekunjwa kati ya jeneza na bolti. Akaligusa tu, akaliacha pale pale.

Vijana wa bodaboda wakarudi kijiweni, wamekasirika kama watu walionyimwa mechi. "Kumbe mla mbwa," mmoja akanitupia, lile tusi wanalotupiwa Wahehe siku zote, nami leo nikalimeza.

Nikaanza kuaga. Bibi akanishika mkono. "Unakwenda wapi? Mtani haachi maiti njiani. Funga kamba vizuri, kisha upande."

Nikafunga kamba mwenyewe, mafundo ya lori. Nikapewa kanga ya kujifunika kifua, yenye maua, nikakaa siti ya mbele kama mgeni rasmi, na kila tulipopita tuta, basi zima linaniuliza, "Mtani, amekusogelea?" Mpaka Songea. Nilizika mtu nisiyewahi kumwona, nimevaa kanga na suruali yenye historia, na kabla hata basi halijasimama pale kijijini watoto walikuwa wanaulizana yule wa kwenye buti ni yupi.

Nilipopata simu ya kuazima nikapiga namba yangu mwenyewe, na Kassimu akapokea. Alikuwa amechukia. "Braza, umeondoka bila kuaga. Basi umelipenda au hukulipenda?"

Sikulinunua. Bado natafuta, safari hii basi dogo la kosta, lisilo na buti. Nyumba yenye magurudumu nitaipata tu, hilo sijakata tamaa. Ila nimejiapiza, na nyie muwe mashahidi: kabla sijachungulia hata tairi la basi lolote, namtafuta dereva kwanza, namwamkia, namuuliza leo linakwenda kuzika wapi, na marehemu ni kabila gani.