Fundi Koma hataki mchango wako, anataka macho yako

Saa moja asubuhi, kabla mashine za kiwanda cha uchapaji hazijaanza kunguruma, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi anapangusa vumbi la karatasi mezani kwake. Anaweka kikombe cha chai mbali na waya, kisha anafungua kompyuta. Leo haanzi na kitabu cha mtu. Anaangalia kama kuna mgeni aliyegusa kazi yake.

"Wote waliokuja mpaka sasa nawajua," anasema bila kubandua macho kwenye skrini. "Namsubiri nisiyemjua."

Hapa kazini anaitwa Fundi Koma. Ni msahihishaji, na ni karatasi chache zinazopita mikononi mwake bila kuongezwa koma mahali. "Mgeni wa chumba cha pili akinisikia napiga kelele 'Koma!', hudhani nimegombana na watu," anasema akicheka.

Programu yake, aliyoipa jina la Jamvi, ilizaliwa na kazi hiyo. Watu walioandika kitabu kimoja walikuwa wakimletea kila mtu nakala yake: moja imeandikwa "mwisho", nyingine "mwisho kabisa", nyingine "mwisho wa kweli safari hii". Kuziunganisha kulimtoa jasho. Yeye na mpanga kurasa wa kiwanda wakajifunza kutengeneza programu, jioni baada ya jioni, mpaka wakapata ukurasa mmoja ambao watu wengi wanaweza kuuandika kwa pamoja, kila mtu akiwa kwake.

Jamvi ni programu huria. Haiuzwi, na maagizo yanayoiendesha yako wazi, anayetaka ayasome, ayarekebishe, awape na wengine. Lakini mpanga kurasa akapata kazi mbali, kisha akapata mapacha. "Simlaumu," anasema Fundi Koma. "Mwenye mapacha hana nafasi hata ya kupiga mwayo."

Akabaki peke yake, na hapo ndipo Jamvi lilipoanza kumeza maneno.

Aliyeumia zaidi ni mkunga mmoja mstaafu, ambaye anaandika kumbukumbu za marehemu mama yake pamoja na wadogo zake wawili. Kila mmoja anaishi mji wake. Siku moja ikapotea aya nzima iliyoeleza nyimbo alizowaimbia mama yao akiwasuka nywele. Aliyeiandika ni kitinda mimba wao, na siku hizi yuko kitandani, anaumwa.

"Nilitafuta kosa mpaka nikachoka," anasema Fundi Koma. "Nikajiambia, mwezi ukiisha sijalipata, nalifunga Jamvi. Nitamkaribishaje mtu kwenye jamvi lenye shimo?"

Akaandika tangazo la kuomba watu wa kujitolea, akaliweka kwenye mtandao na ukutani karibu na bomba la kunawia mikono: "Njoo uchangie Jamvi."

Hakuja mtu. Tena watu wakaanza kumkwepa. Mfunga vitabu, ambaye miaka yote humkatia nusu ya mkate wake mchana, akahamia kula uani.

Kisha mkunga mstaafu akabisha hodi, bahasha mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta."

"Umeleta nini?"

"Mchango. Tumejikusanya na wadogo zangu. Usiudharau."

"Mchango wa nini tena, bibi?"

"Makubwa! Si wewe uliyeandika tuchangie?"

Fundi Koma alicheka mpaka akavua miwani. "Jamani! Mimi sikutaka pesa. Nilitaka watu wa kusoma, kujaribu, kunisaidia kutafuta kosa!"

"Basi ungesema hivyo. Ukitaja mchango, kila mtu anashika mfuko wake na kutafuta mlango ulipo."

Sauti ya mfunga vitabu ikasikika kutoka uani: "Kumbe! Na mimi siku zote hizi naungua na jua bure?"

Bahasha ikarudi mkobani. Mkunga akavuta kiti, wakaandika tangazo jipya wakiwa wawili: "Acha mfuko njoo na macho." Chini yake wakaeleza kwamba anayejua programu asome maagizo, na asiyejua aandike nao tu, kisha aseme panapomkera.

Watu wakaja. Alikuja mfunga vitabu, na mkate wake. Alikuja fundi umeme aliyejifunza programu mwenyewe kwa kupenda tu. Alasiri moja wale ndugu watatu, kila mmoja kwake, wakaandika aya moja kwa makusudi, huku fundi umeme akifuatilia.

"Ngojeni," mkunga akasema kwenye simu. "Mdogo wangu akifuta neno lake, ndipo langu linapotea."

Fundi umeme akarudi kusoma maagizo, safari hii akijua pa kutazama. Programu ilikuwa ikihesabu herufi kama zilivyokaa kabla ya kufutwa. "Ni kama kuhesabu watu kwa viti vyao wakati wenyewe wanahama," akaeleza. Shimo likazibwa kabla mwezi haujaisha.

Aya iliyopotea haikurudi. Lakini kitinda mimba aliandika mstari mmoja kutoka kitandani, polepole, na dada zake wakaongeza yao. Akichoka, wanamngoja. "Si ile ya kwanza," anasema mkunga. "Hii ina sauti zetu wote."

Fundi Koma anasema ndoto yake si Jamvi kuwa kubwa. "Nataka siku moja nikute kazi imefanywa na mtu nisiyemjua, bila hata kuniuliza. Hapo nitajua kwamba hata nikiondoka, litabaki limetandikwa."

Chai imepoa. Anasogeza ukurasa, kisha anainamia skrini. Kuna mgeni. Hakuacha jina, ameacha rekebisho moja tu, tena kwenye tangazo lenyewe la mtandaoni: "Acha mfuko, njoo na macho."

"Koma!" anapaza sauti.

"Unamkomesha nani asubuhi yote hii?" anauliza mfunga vitabu kutoka chumba cha pili.

"Imenipita mimi! Mimi mwenyewe!"

Anafuta miwani kwa pindo la gauni, anaivaa, anaisoma tena ile koma. Kisha anabonyeza neno "Kubali".