Nimeshakula, Mama

Juzi binti yangu wa sekondari kaja jikoni na riwaya yao ya darasani, ya zamani, ya vibarua wa mashambani. Mwalimu kawaambia waeleze upweke wa wale watu. "Mama, mtu anakuwaje mpweke na wenzake wako pale pale?" Nikajifanya nachochea moto. Jamani, swali lile lilinikuta pabaya.

Utotoni tulikaa Igoma, jirani na karakana za mabati. Mchana kutwa nyundo zinalia, jioni zikinyamaza ndipo unamsikia mama akisonga ugali. Tulikula nje mkekani, ugali wa muhogo na dagaa wa kukaanga. Kazi yangu ilikuwa kunawisha watu mikono.

Kila aliyepita, mama alimwita, "Karibu tule!" Na kila mtu alijua jibu: "Asante, nimeshakula," huyoo anapita zake, hata kama tumbo linanguruma. Isipokuwa fundi wa majiko, mgeni aliyetoka Kagera peke yake. Yeye akiitwa, anaketi. Kesho tena. Wala hakula sana, alitaka kusimulia tu migomba ya kwao. Nikimnawisha, mikono anaiacha pale chini ya maji, ananiuliza habari za shule.

Mama akachoka. "Huyu naye! Karibu ya mdomoni anaifanya ya kweli." Tukahamia kula ndani, mlango tumeurudisha. Jioni akaja. "Hodi hapa!" Sote kimya, tonge limenijaa mdomoni. "Hodi wenyewe!" Mama kaweka kidole mdomoni. Na harufu ya dagaa imefika hadi barabarani, sasa tulikuwa tunamdanganya nani? Akasimama kidogo, akaondoka. Loo, niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Kesho yake mama mwenyewe aliurudisha mkeka nje. Fundi akapita na kifuko cha unga mkononi, na kabla hatujafungua mdomo akatuwahi kwa mbali: "Nimeshakula, mama!" Mama hakuinua macho. Fundi hakuketi kwetu tena.

Siku hizi karakana zile zimekuwa maduka, mama hayupo, nami nakaa Buzuruga nyuma ya geti. Hapiti mtu nikamwambia karibu. Aibu ile bado ninayo, haijapungua hata kidogo.

Binti alikuwa bado ananingoja na kalamu yake. Nikamwambia, "Andika: ni mtu anayepita na unga ambao hajaupika, anasema ameshakula."

Akafunua kurasa, akafunua tena. "Mama, mbona hiyo haimo kitabuni?"