Mashuka na Wifi Yake

Wakimbiaji wa Jumamosi walimwita Mashuka, naye hakuwakatalia, maana hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili: kufua, kukausha na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jiko la wagonjwa, kirefu, chenye fukuto la mvuke mwaka mzima. Mashine ya pasi ilikuwa pipa kubwa la moto lililozunguka polepole. Wanawake wawili waliingiza shuka bichi upande huu, wawili wakalipokea upande wa pili na kulikunja mara nne bila kutazamana. Kwa siku yalipita mashuka mia tatu na ushee. Yeye alikuwa mpokeaji. Alisimama kwa muda wa saa nane, na alipofika nyumbani na kuvua soksi, mistari yake ilibaki miguuni mpaka wakati wa kulala.

Hakuanza mbio kwa kuzipenda. Alipotimiza miaka arobaini na sita alikwenda kuonyesha miguu yake kwa mtaalamu wa viungo pale pale hospitalini, mama mmoja mkavu wa maneno. Yule mama alibonyeza kwa dole gumba juu ya kifundo, akaondoa dole, kishimo kikabaki.

"Unasimama sana," alisema. "Miguu inataka mwendo. Tembea kila siku dakika arobaini, na usiniambie ulipitia dukani."

Alitembea mwezi mmoja. Mwezi wa pili akaona kutembea kunamla muda, akaanza kukimbia vipande vipande ili awahi kurudi. Mumewe, fundi wa majokofu, alimwona anaingia mlangoni akihema, akaweka kikombe chini.

"Mtu mzima anakimbia nini?" aliuliza. "Umeiba?"

"Nimewahi kurudi kukupikia," alimjibu, na habari ikaishia hapo.

Kikundi cha Jumamosi kilikutana saa kumi na mbili asubuhi kwenye lango la uwanja wa mpira, watu kumi au kumi na wawili. Kiongozi wao aliitwa Kocha. Kwa kazi alikuwa kinyozi; hakuwahi kumfundisha mtu yeyote wala kushinda mbio zozote, lakini alikuwa amekimbia miaka ishirini, na mdomo wake ulikuwa umefanyiwa mazoezi na kiti cha kinyozi kuliko miguu yake. Ushauri ulimtoka kama vile nywele zinavyodondoka sakafuni.

"Kucha za miguu kata siku tatu kabla ya mbio, si siku ile ile. Mafuta ya mgando paka mapajani na makwapani, la sivyo utaoga unalia. Kiatu kipya usikivae siku ya mbio hata kama umezawadiwa na waziri."

Wengine nao hawakuwa nyuma. Dereva wa gari la wagonjwa alisema kila mlima utembewe. Muuza mabati alisema mlima ndio wa kukimbiwa, wa kutembewa ni mteremko. Mashuka aliwaitikia wote kwa kichwa, kisha akafanya yale miguu yake iliyokubali. Ushauri wake mwenyewe ulikuwa mmoja tu, na ndio uliofuatwa na kila mtu bila ubishi: fulana ya mbio isifuliwe kwa maji ya moto, na harufu ya jasho ikigoma, iloweke kwenye maji yenye vijiko viwili vya siki.

Mwaka wake wa pili kikundini, Jumamosi moja ya baridi, alifika mwanamke mrefu mwenye kofia nyeupe, aliyeletwa na mwenzake wa kazini. Mashuka alimtambua kwa mwendo tu. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mke wa kaka yake.

"Habari za asubuhi, wifi."

"Nzuri, wifi."

Kwa miaka minne hawakuwa wamesemezana zaidi ya hapo. Mama yake Mashuka alikuwa ameugua na kupelekwa nyumbani kwa kaka, kwa sababu palikuwa na chumba cha ziada, na huyu wifi ndiye aliyemwogesha na kumlisha kwa miezi mitano. Jioni moja mama alizidiwa. Alfajiri akafariki. Mashuka alipigiwa simu saa moja asubuhi, akiwa tayari amevaa aproni. Alipofika aliuliza swali moja tu: kwa nini hakuitwa jioni ile. Wifi alimjibu kwamba alishika simu apige, mama akamkataza, akasema, "Mwache mwanangu alale, kesho ana zamu ya asubuhi." Mashuka hakuamini. Mama yake hakuwa mtu wa kumkataza asije. Aliona ni maneno ya kutungwa ya mtu aliyepitiwa na usingizi. Hakugombana, hakusema lolote msibani. Alimpa mgongo tu, na mgongo ukadumu.

Sasa walikuwa wote kwenye lango la uwanja, wanafunga kamba za viatu. Hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kuondoka.

Wifi alikuwa na mbio. Majuma ya kwanza alitangulia na wanaume, na hilo lilimfaa kila mtu. Lakini kikundi kilijiandikisha kwa marathoni ya mji, kilomita arobaini na mbili, na ratiba ilipofika kwenye mazoezi marefu Kocha akaingilia kati.

"Mwalimu, wewe unakimbia kama umechelewa kengele," alimwambia. "Safari ndefu ni ya polepole. Kuanzia leo kaa na Mashuka. Yeye hana haraka na dunia."

Mwalimu alikuwa mtu wa kufuata maelekezo mpaka nukta ya mwisho. Akakaa na Mashuka.

Hivyo wakawa wanakimbia bega kwa bega, saa mbili, saa tatu, hata saa tatu na nusu, wakipita maghala, kituo cha mafuta, ukuta wa kiwanda cha rangi, na kurudi. Safari ya kwanza hawakusema kitu. Ya pili, karibu na kilomita ya kumi, wifi alisema bila kugeuza shingo, "Mikono unaibana, wifi. Legeza, kama umeshika kifaranga."

Mashuka alilegeza mikono. Baada ya kilomita mbili alijibu, "Na wewe unatua kwa kisigino. Nakusikia."

Mazungumzo yao yakawa hayo. Walipeana ushauri, na ushauri hauhitaji upatanisho. Yule alieleza jinsi ya kupumua kwenye mlima, huyu akaeleza jinsi ya kugeuza soksi ili mshono usikwaruze kidole. Katika njia hiyo Mashuka alijua kwamba wifi yake anaogopa mteremko tangu alipoanguka ngazi za shule, na kwamba hubeba ndizi mbili mfukoni na ya pili huitoa bila kuulizwa. Jina la mama halikutajwa. Miezi saba ilipita hivyo.

Siku ya mbio jua lilitoka mapema na kwa hasira. Kabla ya kuanza, Kocha aliwakusanya kando ya vyoo vya muda akatoa neno la mwisho.

"Leo ni joto. Kila meza ya maji, kunyweni. Msingoje kiu. Kila meza, vikombe viwili."

Mashuka alijaribu kwenye meza ya kwanza, maji yakamcheza tumboni, akaacha. Kuanzia hapo alikunywa funda moja na mengine akajimwagia shingoni. Wifi alikunywa vikombe viwili kama alivyoambiwa. Kwenye kilomita ya sita alisema, "Mimi natangulia, wifi," na kofia nyeupe ikapotea mbele.

Aliiona tena kwenye kilomita ya thelathini na nne, kando ya ukuta wa kiwanda cha rangi. Wifi alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, kamba za viatu zimefunguliwa, na kando yake palikuwa na matapishi mepesi kama maji. Mashuka alisimama.

"Vipi?"

"Tumbo tu. Kichwa kidogo."

"Nikae nawe."

"Usikae. Ukisimama miguu itaganda, hutaanza tena." Wifi alizungumza polepole, kama anatafuta kila neno kabatini. "Umehangaika miezi saba. Nenda. Nikipumzika kidogo nakuja."

Mashuka aliziona pete zake. Vidole vilikuwa vimevimba, na pete ya ndoa ilikuwa imezama mpaka nyama ikapanda pande zote mbili. Aliona, na akawaza kwamba ni joto, kwa kuwa yeye mwenyewe aliishi na uvimbe miaka yote.

"Kweli niende?"

"Nimekwambia nenda, wifi."

Akaenda. Kwenye meza ya maji iliyofuata alimwambia mama aliyekuwa akimimina, "Nyuma pale kuna mtu amekaa, ana kofia nyeupe. Mwangalieni." Yule mama aliitikia bila kuinua macho kwenye vikombe. Mashuka akaendelea. Kilomita nane zilizobaki zilimchukua zaidi ya saa moja, na alipovuka mstari saa ya mezani ilionyesha kwamba amekimbia kwa saa tano na dakika thelathini na moja. Alivishwa medali, akapewa chungwa. Hakuhisi furaha wala uchungu, alitaka kukaa tu.

Kaka yake alikuwa kwenye kizuizi cha watazamaji, simu mkononi.

"Wifi yako yuko wapi? Watu wake wa mbele wote wamefika."

"Nilimwacha kilomita ya thelathini na nne. Alikuwa amekaa, tumbo linamsumbua."

"Ulimwacha?"

"Alisema niende."

Kaka yake alimtazama. Mashuka alisikia maneno yake mwenyewe yakirudi masikioni, na akagundua kwamba hakuwa na namna nyingine ya kuyasema ili mtu ayaamini. Hakuwepo shahidi. Angeapa, ingekuwa vibaya zaidi.

"Alisema niende," alirudia. "Nilimuuliza mara mbili."

"Sawa," kaka alisema, na akaanza kupiga simu.

Wifi alipatikana kwenye hospitali ile ile anayofanyia kazi Mashuka. Yule mama wa maji alikuwa ametuma watu kweli, nao wakamkuta hajui leo ni siku gani. Daktari alieleza kwamba alikuwa amekunywa maji kuliko mwili ulivyoweza kuyatoa, na chumvi ya damu ikashuka. Alisema pia kwamba wangechelewa nusu saa, angeeleza mengine. Alilazwa siku tatu. Siku ya kwanza hakuruhusiwa kuonwa na mtu ila mumewe, na Mashuka aliingia zamu yake kama kawaida, akapokea mashuka na kuyakunja, akijua moja la yale yaliyopanda juu asubuhi ile limetandikwa chini ya nani.

Siku ya pili, kwenye mapumziko, alipanda ngazi akiwa na aproni yake. Wifi alikuwa ameegemea mito, uso umekonda, pete imekatwa na kuwekwa kwenye bilauri juu ya kikabati.

"Umemaliza?" wifi aliuliza.

"Nimemaliza. Saa tano na nusu."

"Vizuri."

Mashuka alikaa kwenye kiti cha wageni. Alinyoosha kona ya shuka iliyokuwa imechomoka, akaichomeka chini ya godoro, akaikaza.

"Vidole vyako niliviona vimevimba," alisema. "Nikaondoka."

"Nilikwambia uondoke."

"Ndiyo. Kaka hakuniamini."

Muuguzi aliingia, akatazama chupa ya dripu, akatoka.

"Mama alisema vile vile," wifi alisema. "Simu ilikuwa mkononi. Alinishika hapa." Aligusa kiwiko chake. "Akasema ulale, una zamu. Nikamsikiliza. Nimejiuliza miaka yote kwa nini nilimsikiliza."

"Sikukuamini," Mashuka alisema.

"Najua hukuniamini."

Hawakukumbatiana, wala hawakulia. Mapumziko yalikuwa dakika ishirini, na kumi na tano zilikuwa zimekwisha. Mashuka aliuliza kama anahitaji kitu. Wifi akasema aletewe chanuo, nywele zinamkera. Jioni akaletewa.

Kocha naye alikwenda kuona mgonjwa, akiwa na shati la kanisani, akaomba radhi kwa muda mrefu mpaka wifi akamwomba aache. Kwa majuma sita hakumshauri mtu jambo lolote, uwanjani wala dukani kwake. Wateja wakaanza kuulizana kama kinyozi anaumwa. Kisha muuza mabati alifika na viatu vilivyochakaa upande mmoja, na Kocha akashindwa kujizuia.

Wifi alirudi kikundini mwezi wa tatu baada ya mbio, kwa ruhusa ya daktari na kwa kilomita tano tu. Hakurudia marathoni tena. Mashuka alikimbia nyingine mbili na hakuwahi kuvuka mstari kabla ya saa tano, jambo ambalo halikumnyima usingizi.

Mwaka ule ule wa kulazwa, siku ya mapumziko ya shule, wifi alimpigia simu akamwambia kuna sanduku la mama. Lilikuwa chini ya kitanda cha chumba cha ziada, halijafunguliwa tangu mazishi. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aulize. Mashuka alikwenda akalibeba mpaka kwake. Alifua nguo zote za mama yake kwa mkono, rangi mbali na nyeupe mbali, akazianika kivulini, akazipiga pasi kwa siku mbili. Jumapili wifi akaja, wakazitandaza kitandani. Magauni mengi yalikuwa madogo kwao wote wawili, yakawekwa kando kwa ajili ya binti za ukoo. Lilibaki sweta la kijani lenye vifungo vya mbao. Mashuka alilijaribu, likambana mabegani. Akamrushia wifi yake.

"Vaa tuone."

Wifi alilivaa, akafunga vifungo vyote, akasimama mbele ya kioo.

"Mikono mifupi," alisema.

"Ikunje," Mashuka alimwambia, na akaendelea kukunja magauni.