Antena ya Gari la Wagonjwa

Kazi yangu ni umeme wa magari. Nina banda Kinoru, upande wa nyuma wa uwanja wa michezo, na watu wa Meru wananijua kwa mambo ya taa, ving'ora, redio na antena. Antena nilizianza na madereva wa muguka, yale majani ya kutafuna. Wale hupakia majani yao Mbeere asubuhi na mapema na kukimbia nayo kabla hayajanyauka, na dereva asiyepatikana kwa simu hufika sokoni akakuta mnunuzi ameshachukua mzigo wa mwingine. Mmoja wao aliniletea antena ya kubandika kwenye kioo, akaniambia mwenye gari hataki bati litobolewe hata kidogo. Nikajifunza kwa gari lile, nikaharibu gundi ya kwanza, ya pili ikashika.

Nieleze kidogo, kwa sababu watu wengi wakiiona hudhani ni pambo. Antena hii ina sehemu mbili. Nje unabandika kitako chenye ufito, na ndani ya gari, mkabala kabisa na kile kitako, unabandika kisanduku kidogo. Mawimbi ya simu yanapita katikati ya kioo, hakuna tundu. Kutoka kwenye kisanduku unapitisha waya hadi kwenye simu iliyofungwa chini ya dashibodi. Kwa simu ya mkononi, ndani ya gari lililozungukwa na bati, mahali penye mtandao hafifu hupati kitu. Ukiwa na ufito nje, unapata. Tofauti ni hiyo tu, na huku kwetu ni tofauti kubwa.

Gari la wagonjwa ninalolizungumzia lilikaa Siakago. Lilikuwa la shirika dogo la misaada lenye ofisi mjini Embu, na lilihudumia nyanda zote kavu za chini, hata upande wa Gachoka, kwa maana mara nyingi halikuwapo lingine. Dereva wake alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyewahi kuniletea gari hilo nimtengenezee king'ora kibovu. Sista, muuguzi aliyekuwa akipanda naye, ndiye aliyelianzisha jambo la antena. Alikuwa amechoka kubeba mgonjwa mahututi huku simu imekufa mkononi, asiweze kuwaambia wa hospitali wajitayarishe. Ofisi ilimwambia hakuna bajeti. Basi akawaendea akina mama wa makanisa ya Siakago, wale wanaolima ndengu na mtama, wanaochota maji mbali. Wakachanga. Antena na simu yake vikanunuliwa kwa mchango huo, nami nikaitwa.

Niliifunga siku ya jua kali, jua lenyewe likanisaidia, maana gundi hupenda kioo chenye joto. Nikasafisha kioo kwa spiriti mara kadhaa, kwa kuwa vumbi la Mbeere huingia kila mahali, nikakwepa zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu kwenye kioo cha nyuma, nikabandika, nikashikilia. Ufito ulikuwa mrefu kupita mlango wa gereji wanamolaza gari, kwa hiyo niliukunja kidogo pale chini, ukabaki na kipindo ambacho hutakiona kwenye antena nyingine. Akina mama wachache walikuwa wamekuja kutazama. Mmoja aliniuliza kama itashika hata kule bondeni, nikamwambia twende tukaone.

Tulikwenda, dereva, sista na mimi, hadi kwenye korongo ambalo kila mtu wa huko alijua simu hufia. Dereva akazima injini. Sista akapiga simu hospitali. Ikaita, kisha sauti ya mwanamke ikasema, safi kabisa, "Wodi ya akina mama, niwasaidie?" Sista alinitazama, halafu akamweleza yule mwanamke kwamba tunajaribu tu mtambo, wasamehe. Nilirudi Meru nikiwa na furaha ya aina ambayo kazi yangu hainipi mara nyingi.

Miezi ikapita. Siku moja nikapigiwa simu na msimamizi wa lile shirika, yule mwenye ofisi Embu. Tulikuwa hatujawahi kukutana. Alisema ana antena ya kioo, gundi yake imeisha nguvu, anaomba nije na gundi mpya nimfungie kwenye gari lake la kazi, simu ya kuiunganisha ipo tayari. Aliongea kwa heshima, akaniita madam. Nikafunga vifaa vyangu, nikashuka Embu.

Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi, kubwa, jeupe, limeoshwa likang'aa. Msimamizi alitoka akiwa na bahasha ya kaki, akaitoa antena humo na kunipa. Nikaipokea. Nikaona kipindo.

Nilimuuliza ilitoka wapi. Alisema ilikuwa kwenye gari la Siakago, lakini kule haikuwa na kazi sana, na yeye barabara ya kwenda nyumbani kwake mlimani inamkatia simu kila jioni. Nikamuuliza gari la wagonjwa linatumia nini sasa. Akasema dereva ana simu yake, kila mtu siku hizi ana simu. Alisema hayo bila wasiwasi wowote, kama mtu anayeeleza amehamisha kiti kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Nilimwomba dakika moja. Nikasogea kando, nikampigia dereva wa Siakago, naye aliposikia nilipo akampa sista simu. Ndipo nikajua yaliyotokea wiki iliyotangulia.

Waliitwa kwenda kumchukua msichana aliyejifungulia nyumbani, ndani kabisa, chini ya Gachoka. Mtoto wa kwanza. Mtoto alikuwa salama lakini mama alikuwa anatoka damu isiyokatika. Sista alifanya aliyoweza kwa mikono yake na dawa aliyokuwa nayo, wakampakia, wakaondoka. Njia nzima alijaribu kupiga simu hospitali ili damu itafutwe na chumba cha upasuaji kiandaliwe. Simu yake haikushika. Ya dereva haikushika. Mama mkwe wa yule msichana, aliyekuwa amempakata mtoto, alitoa yake pia, haikushika. Kioo cha nyuma kilikuwa na alama ya mraba ya gundi, mahali antena ilipokuwa. Simu yenyewe ilikuwa bado chini ya dashibodi, imebaki na waya uliokatwa. Walipofika kwenye lami na mtandao ukarudi, muda ulikuwa umeshakwenda, na walipoingia hospitali damu ya kundi lake ndiyo kwanza inaanza kutafutwa. Alinusurika. Ila ili kumwokoa ilibidi madaktari wamtoe kizazi. Hata miaka ishirini hajafikisha.

Sista alinisimulia kwa sauti ya chini, bila kulia. Alisema aliandika malalamiko siku ileile antena ilipoondolewa, akaambiwa imepelekwa kutengenezwa.

Nilirudi pale kwenye gari jeupe. Nilikuwa nimeishika antena kwa nguvu hata kitako kikanichora kiganjani. Nikamwambia msimamizi yote niliyoambiwa, polepole, ili asiseme baadaye kwamba hakuelewa. Kumbe alikuwa anajua. Ripoti ilikuwa imefika mezani pake.

"Mama, hayo ni mapenzi ya Mungu," alisema. "Antena haitibu mtu. Hiyo ni waya tu."

"Kama ni waya tu," nikamwambia, "kwa nini umeikata kwenye gari la wagonjwa ukaileta kwako?"

Akasema hakuniita Embu kuja kumhoji. Nimfungie au nimrudishie, atafute fundi mwingine. Sauti ilikuwa imebadilika, ile heshima ya kwenye simu imekwisha. Dereva wake, kijana aliyekuwa amesimama na kitambaa cha kufutia gari, aliinamisha kichwa akajifanya anafuta tairi. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na watu wa ndani walikuwa wamesogea kusikiliza.

Nilimwambia hii antena inarudi Siakago sasa hivi, na mimi ndiye ninayeipeleka. Akasema nikitoka nayo pale getini atanishtaki kwa wizi. Nikamwambia ashtaki, nami nitapata mahali pa kusemea. Nikaweka antena mkobani, nikatoka. Askari wa getini alinifungulia bila kuniuliza kitu. Sijawahi kukasirika hivyo, hata na watu walioniumiza mimi mwenyewe.

Nilifika Siakago mchana. Dereva akaleta gari chini ya jua, akakaa karibu yangu. Kukwangua gundi ya zamani ni kazi ya taratibu hata ukiwa na moto moyoni. Unaloanisha, unakwangua kwa wembe, unafuta, unaloanisha tena. Ule waya uliokatwa niliuunga upya. Aliyeukata hakuwa hata na subira ya kuufungua, alikata tu kwa koleo, na kila nilipoutazama ule mkato hasira ilinipanda upya. Mtu alisimama hapa, nikawaza, na koleo mkononi, ndani ya gari lenye kitanda cha wagonjwa. Dereva aliniambia msimamizi mwenyewe alikuja na kufanya hivyo, wakati yeye dereva amekwenda kunywa chai.

Hazikupita siku nyingi nikaitwa kituo cha polisi Embu. Kweli msimamizi alikuwa amepeleka mashtaka. Nilikwenda. Sikuwa peke yangu: sista alikuja, dereva alikuja akijua anahatarisha kazi yake, na wakaja akina mama wa makanisa, wamejifunga leso viunoni, wakajaza benchi lote la pale mapokezi. Mama mkwe wa yule msichana alikuja pia. Afisa aliyekuwa na zamu alimuuliza msimamizi antena ilinunuliwa na nani. Akasema ni mali ya shirika. Afisa akawageukia akina mama. Mmoja wao, aliyeniuliza siku ile kama itashika bondeni, akasimama.

"Tulinunua sisi, afande," akasema. "Tulinunulia gari ya wagonjwa. Huyu hatukumnunulia kitu."

Afisa alimuuliza msimamizi kama ana jibu. Alianza kueleza habari za utaratibu wa matumizi ya vifaa, akaeleza sana, na kadiri alivyoeleza ndivyo afisa alivyozidi kutazama mlangoni. Mwisho akaambiwa hakuna kesi hapo, aende. Hakuna aliyemuuliza juu ya yule msichana. Mama mkwe alijaribu kusema, akaambiwa hilo ni jambo la hospitali, si la kituo. Alikaa chini tena. Hilo nalo halijanitoka.

Mtu angetegemea niseme msimamizi alifukuzwa kazi. Hakufukuzwa. Wakubwa wake walimwandikia onyo, nasikia, na bado yuko ofisini. Aliyepata taabu ni sista, aliyehamishwa kituo ghafla, mbali na watu aliowazoea, kwa kile walichokiita mahitaji ya huduma. Mimi sipewi tena kazi yoyote na ofisi ile, na msimamizi alinitumia ujumbe kupitia mtu kwamba nikiomba msamaha mambo yatarudi sawa. Nilimjibu yule mjumbe kwamba magari yako mengi Meru.

Yule msichana nilikwenda kumwona nyumbani kwake. Alikuwa amekaa kivulini anapepeta ndengu, mtoto amelala karibu yake kwenye kanga, mnene, amefumba ngumi. Aliongea Kimbeere, mama mkwe akinifasiria yale nisiyoshika, kwa maana Kimeru changu kinanipa nusu tu. Sikujua nimwambie nini. Nilimweleza mimi ni nani, na kwamba antena imerudi garini na inafanya kazi. Alisikiliza, akaendelea kupepeta. Kisha akauliza kama yule bwana anajua jina lake. Nikasema sijui, pengine aliliona kwenye ripoti.

"Basi aje," akasema. "Sitaki pesa yake. Aje akae hapa, anione."

Nilimfikishia. Niliandika ujumbe mfupi wa simu kwa maneno yake yaleyale, na alama zikaonyesha umesomwa. Mpaka leo hajaenda.

Mume wangu husema niliache jambo hili, kwamba nilifanya sehemu yangu na gari lina mtandao. Ni kweli lina mtandao. Dereva hunipigia mara kwa mara kwa simu ileile ya dashibodi, akiwa huko chini kwenye vumbi, na tunasalimiana tu, hakuna la zaidi. Lakini kila wanapokuja bandani watu wenye magari makubwa ya mjini, wakitaka ufito kwenye kioo ili waonekane, nakunja uso kabla sijajua. Nawafungia, ndiyo kazi. Wengine huniuliza mbona fundi umekasirika, nami huwaambia wasimame kando, wananizibia mwanga.