Prosesa ya Polepole ya Shangazi Zornitsa

"Shangazi, ukiipata utafanya nini?"

Nilikuwa na miaka tisa nilipomwuliza hivyo. Tulikuwa tumeinamia sanduku la Mzee Stamen, muuza vyuma chakavu, kwenye gulio la Jumapili hapa mjini kwetu Ruse, tukichakura vyuma vya kompyuta zilizokufa, tukisaka prosesa, kile kijiwe kinachofikiri ndani ya kompyuta. Alizidi kuchimba sandukuni. Shangazi Zornitsa hatulii: anaendesha basi la umeme, na hata akiwa amesimama sokoni mguu wake wa kulia hukanyaga breki isiyokuwepo.

"Zornitsa wee," Mzee Stamen alimchokoza, "dunia nzima inataka prosesa ya kasi. Wewe tu unarudi kinyumenyume kama kaa."

"Na wewe unayeyeyusha gunia zima la prosesa upate dhahabu ya kuziba jino moja? Hebu sogea huko."

Sababu ilikuwa mchezo mmoja wa zamani. Yeye na dada yake mkubwa, Ralitsa, waliucheza kwenye klabu ya kompyuta ya shuleni, wawili kwenye kibodi moja: Ralitsa anaendesha kigari, Zornitsa anakirusha juu ya mashimo. Mchezo ule haukuwa na saa yake wenyewe. Ulikwenda kadiri prosesa ilivyousukuma. Kwenye mashine za leo kigari kinajibamiza ukutani kabla hujagusa kitufe. Baadaye Ralitsa alikwenda Uhispania kutunza wazee wa watu, na miaka ikapita simu zao zikiwa ni za mvua na jua tu. Sasa alikuwa anakuja kwa Pasaka.

"Tutaongea nini?" shangazi alimwuliza baba, huku akizunguka jikoni na bisibisi mkononi. "Tutagonganisha mayai mekundu ya Pasaka, tutakula. Halafu? Tukae tunatazamana kama abiria?"

"Si mtacheza hilo ligari lenu."

"Likienda mbio kuliko alivyolijua, je? Atasema, aa, kumbe, kisha atainuka."

Alijaribu prosesa moja, akaing'oa. Akatia nyingine, akarudia ile ya kwanza. Meza yote ya kulia ilijaa skrubu, mama akatuhamishia chakula kitandani.

Ralitsa alifika, akakumbatia kila mtu, akaketi. Mazungumzo yakafia kwenye bei ya nyanya. Shangazi akawasha mashine.

"Inakimbia hii," alisema Ralitsa, kigari kilipotumbukia.

"Ndiyo kasi yenyewe, dada!"

"Unifundishe mimi? Nani alikuwa anashika usukani?"

"Ndiyo maana tulikuwa tunaanguka!"

"Tulianguka kwa sababu ulikuwa unarukia usingizini! Lete hiyo bisibisi."

Wakabadilisha prosesa. Ikawa nzito kama konokono. Wakabadilisha tena, wakatukanana, wakacheka mpaka Ralitsa akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza, na mkate mtamu wa Pasaka ukakauka bila mtu kuukumbuka. Siku ya kuondoka, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya basi, Ralitsa aligeuka: "Usitafute peke yako, utaharibu. Mwakani naleta za kwetu kule."

Akazileta kweli, amezifunga ndani ya soksi. Mwaka uliofuata pia. Kila Pasaka meza yetu inajaa skrubu, na kila Pasaka hakuna inayofaa: hii ina haraka, hii ina usingizi. Mimi nilianza kuhisi labda prosesa yenyewe haipo duniani.

Mwaka huu nina miaka kumi na sita. Juzi, Ralitsa akiwa kwenye baraza anakung'uta zulia, nilimwuliza shangazi swali lilelile. Alitazama mlango. Mguu wake ukakanyaga mara mbili sakafuni.

"Nilishaipata," alisema kwa sauti ya chini. "Wiki moja baada ya Pasaka ile ya kwanza, kwa Stamen huyohuyo. Nikaitia, vidole vikaitambua kasi ile vyenyewe. Nikaing'oa palepale, nikaificha kwenye kopo la pilipili. Na ukimwambia, mimi na wewe basi."