Bi Mkunde Alipofanywa Kichekesho

Nesta alipohamia Tunduma mwaka 1994, baada ya kufiwa na mumewe kule Mbozi, Tulinagwe, mke wa mwanawe, hakujua waongee nini. Nesta alikuwa Mnyiha, mwanamke wa mashamba ya kahawa, mwenye ulimi mkali. Tulinagwe alikuwa Mndali kutoka Ileje, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwake, mtaa wa Sogea. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, na Abrahamu, mtoto wa mmoja na mume wa mwingine, aliendesha lori la mizigo kwenda Ndola na Lubumbashi. Alikuwa nyumbani kama mgeni. Ilibaki Kiswahili, na Kiswahili chao cha miezi ile ya mwanzo kilikuwa cha chumvi na mkaa tu: imekwisha, haujaisha.

Siku moja Tulinagwe alinunua kijitabu kwa Osward, aliyetandika vitabu juu ya turubai karibu na stendi. Kilikuwa kisa cha Koplo Matango, mpelelezi ambaye kila akimkimbiza mwizi, yeye ndiye anayetumbukia mtaroni. Tulinagwe alikisoma kimya barazani akisubiri wateja, mara akaangua kicheko.

Nesta, aliyemwita kwa jina la mjukuu wake, alikuwa akichambua maharage. "Unacheka nini peke yako, Mama Ipyana?"

Akamsomea. Walipofika katikati, Nesta akainua mkono. "Mwizi ni mpishi. Mtu gani anapika pilau halafu hali?"

Kweli alikuwa mpishi. Na ndani ya kitabu aliyemgundua hakuwa Koplo, bali mama mkwe wake, Bi Mkunde, aliyekaa jikoni akiona kila kitu, kisha akamwachia mkwewe apokee sifa. Nesta alipiga makofi. "Huyo mama ana akili! Kingine kipo?"

Kilikuwepo. Kila baada ya miezi kadhaa kilitoka kingine, na Osward alimwekea Tulinagwe nakala yake kabla hajatandika. Walisoma mchana, cherehani ikiwa imetulia. Nesta alitaja mwizi wake, Tulinagwe akataja wake, na mara nyingi mama mtu ndiye aliyepatia. Wateja waliofuata magauni yao ya vitenge walikaa wakasahau kilichowaleta. Miaka ikapita hivyo. Wale wanawake wawili wakawa wanaongea hata siku ambazo hakukuwa na kitabu.

Mnamo mwaka 2006 Nesta alianza kusahau. Kwanza alitia chumvi mara mbili kwenye maharage. Halafu alikwenda stendi kumpokea Abrahamu, ambaye wakati huo alikuwa Lubumbashi, na Osward ndiye aliyemshika mkono akamrudisha nyumbani. Tulinagwe hakumsimulia mtu.

Mwaka ule kilitoka kitabu kipya, chenye jalada la rangi. Walikaa barazani kama kawaida, Tulinagwe akafungua akaanza kusoma kwa sauti bila kukipitia kwanza. Katika ukurasa wa tatu Bi Mkunde alitia sukari kwenye mchuzi. Katika wa tano alivaa gauni nje ndani akaenda sokoni, watoto wakamfuata wakizomea. Kisha akasahau jina la binti yake mwenyewe, na Koplo Matango akacheka hadi akaanguka na kiti. Mwizi alijileta kituoni akakiri, hakuna aliyemtafuta.

Tulinagwe alisoma kila mstari taratibu zaidi ya uliotangulia, akitafuta pa kurukia, asipaone.

"Kwa nini wanamcheka?" Nesta aliuliza.

"Ameandika vibaya tu, Mama."

"Lakini Bi Mkunde ndiye aliyekuwa anawajua wezi."

"Ndiye."

Nesta akaendelea kuchambua maharage ambayo yalikwishachambuliwa.

Kesho yake Tulinagwe alikirudisha kitabu kwa Osward. Osward alishangaa. "Dada, hiki ndicho kinachokwenda kuliko vyote! Watu wanacheka mpaka machozi."

"Mimi sikucheka."

"Basi chagua kingine, tubadilishane."

"Sitaki kingine. Na usiniwekee tena."

Abrahamu aliporudi safari, akamkuta mkewe bado amekunja uso, aliuliza kuna nini. Tulinagwe akamweleza yote, pamoja na la stendi. Abrahamu akasema, "Huyo mwandishi hamjui mama."

"Hamjui," Tulinagwe alikubali. "Ila mimi kinachonisumbua si yeye. Ningekuwa siishi na mama, ningecheka."

Wakarudia vitabu vya zamani. Nesta alikuwa amesahau wezi wote, kila kisa kwake kilikuwa kipya. Lakini sasa alikosea. Alitaja mlinzi wakati ni karani, au mtu ambaye hakuwemo kabisa. Mara ya kwanza alipokosea uso wake ulisinyaa, na Tulinagwe hakuweza kuvumilia kuuona tena. Akaanza kugeuza. Nesta akimtaja mlinzi, Tulinagwe anasoma kwamba ni mlinzi, macho kwenye ukurasa, sauti haibadiliki. Ikawa Nesta anapatia kila siku.

Alasiri moja Nesta alimtazama, akatua ungo.

"Mama Ipyana, unanidanganya."

"Mimi?"

"Siku hizi sikosei hata mara moja. Nimekuwa nani? Soma kilichoandikwa."

Tulinagwe akarudisha ukurasa nyuma, akasoma kilichoandikwa: mwizi alikuwa mwenye duka. Akasubiri ule uso usinyae.

"Mwenye duka?" Nesta alifoka. "Haiwezekani! Ana duka lake, aibe sabuni ya nini?"

"Ndivyo inavyosema, Mama."

"Basi inasema uongo. Ni yule mlinzi. Rudia pale alipofunga mlango, utaona mwenyewe."

Tulinagwe akarudia. Na alipofika pale pa mlango, ingawa alikijua kitabu kile karibu kwa moyo, ilimjia kwamba maelezo ya mlinzi kweli hayakuwa yamenyooka.

"Umeona?" alisema Nesta.

"Naona. Lakini funguo zilikuwa kwa nani?"

Wakabishana hadi mteja aliyefuata blauzi yake akaketi kusikiliza.