Nywele za Mke wa Mchimbaji

Wodi ya wanawake niliyoifanyia usafi ilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu, madirisha ya nondo, na harufu iliyonifuata hadi nyumbani. Hospitali yenyewe ilikuwa ya serikali, mkoani Shinyanga. Sitaitaja, kwa kuwa waliofanya kazi pale hawakuwa wabaya kuliko wenzao wa kwingineko. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Tulisugua sakafu kwa majivu ya jikoni na kipande cha gunia. Mashuka tuliyachemsha katika pipa, nayo yakatoka humo na rangi ileile ya udongo yaliyoingia nayo.

Watu huniuliza kama kazi ile ilitisha. Haikutisha; ilichosha. Mgonjwa wa akili hafanyi vurugu kutwa nzima kama walivyodhani wale waliosimama uzioni kutucheka. Saa nyingi hulala, au huketi ukutani akitazama asichokiona mwingine. Mhudumu alichoshwa na jambo moja: alipomaliza kudeki kona hii, ile aliyotoka kuideki ilikuwa imekwisha kukojolewa, na hakuwepo wa kulaumiwa. Jirani yangu, mwanamke wa maneno mengi, tulipokutana bombani alikuwa akisogeza ndoo yake kando.

"Shoga, usinikaribie. Hao watu wako wanaambukiza."

"Wangekuwa wanaambukiza," nilimjibu, "ningekuletea yule asiyesema tangu mwaka jana. Labda nawe ungenyamaza."

Bila sabuni, chawa walitawala. Kwa hiyo Sista, muuguzi mkuu wa wodi, aliweka utaratibu: kila Jumamosi wagonjwa wote walitolewa uani, wakaketishwa juu ya benchi, na muuguzi mmoja akawanyoa vichwa kwa wembe, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilifagia nywele na kuzichoma. Utaratibu huo ulikuwa wa busara. Nilisema hivyo wakati ule na nasema hivyo hata sasa, maana nilishaona kichwa cha mgonjwa aliyeachwa bila kunyolewa, na sitaki kukieleza.

Masika yalipokaribia, aliletwa mwanamke kijana kutoka Nyarugusu. Alikuwa mke wa mchimbaji wa dhahabu. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na siku chache baadaye akaanza kusikia sauti, akakataa kulala, akakataa kumnyonyesha mtoto kwa kudai kwamba amebadilishiwa. Mumewe alimleta amefungwa kamba za katani mikononi, akamkabidhi, akalia kwa aibu mlangoni, kisha akarudi machimboni. Mtoto alipelekwa Nyahanga, kule Kahama, kwa mama mkwe.

Dawa zilimfaa. Polepole alianza kujibu salamu, kisha kula mwenyewe, kisha kuniokotea kopo lililoanguka. Asubuhi moja aliniuliza, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisukuma, "Mama Usafi, mwanangu yuko wapi?" Wagonjwa wote waliniita hivyo. Nilimwambia yuko kwa bibi yake. "Ni wangu kweli yule," akasema. "Nilikuwa naumwa." Daktari aliposikia hayo aliandika kwamba amepona na anaweza kuondoka, ila sharti ndugu waje kumchukua.

Hapo ndipo maradhi ya wazima yalipoanzia. Palikuwa na kanuni: waliopona ambao hawakuchukuliwa na ndugu wangesafirishwa kwa treni, mvua zikikatika, hadi hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili katika mkoa wa mbali. Katika miaka yangu yote pale sikumwona hata mmoja aliyerudi kutoka huko. Mwanamke huyu aliijua kanuni hiyo. Aliyemweleza ni mgonjwa mwenzake, mwanamke mzee mmoja aliyejiita Mkuu wa Wilaya, ambaye kila asubuhi alinikagua nikideki, mikono nyuma. "Hapo bado pachafu," alizoea kuniambia. "Nitakuhamishia Kigoma, shauri yako!" Kuhusu treni, hata hivyo, alisema kweli.

Mama mkwe alikuja siku ya Jumapili, mtoto mgongoni, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa kauli fupi. Niliweka chini gunia langu nikampa shikamoo.

"Marahaba, mayu," alijibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mwali wangu yuko wapi?"

Nilimwonyesha. Mwanamke kijana alitoka mlangoni kwa haraka, akapiga magoti kumsalimu kama ilivyo desturi kwao, akainamisha kichwa. Kichwa hicho kilikuwa kimenyolewa jana yake, kiking'aa juani. Mama mkwe alirudi nyuma hatua mbili.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Nakuuliza, nani amekufa? Mume wako yuko chini ya ardhi anachimba, na wewe umekaa huku umenyoa kama mjane. Unamzika?"

Sista alitoka ofisini, akamweleza habari za chawa kwa upole na kwa utaratibu. Mama yule alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba chawa anawajua, wala hakatai kwamba hospitali ina kazi zake. Lakini mwanawe wa kwanza alifukiwa na duara, yaani shimo la wachimbaji, na maiti yake haikutolewa. Aliyebaki ni huyu mmoja, na yuko katika shimo kama lile. Mke akinyoa nywele mume angali hai, anamwita mauti. Angempitishaje mlangoni kwake mwanamke mwenye kichwa kile? "Nywele zikiota za kusukika, nitakuja," alisema. "Zikiwa hivi, siji." Hakumpa mtoto ampakate. Aliaga akaondoka, na mkwewe akabaki amepiga magoti palepale.

Nilikasirika sana. Nilikuwa nimejisomea vya kutosha katika maktaba ya elimu ya watu wazima kuona kwamba wembe hauporomoshi ardhi, na sijabadili mawazo. Lakini nilikuwa pia nimeona familia za watu wa ofisini, wenye saa mkononi na viatu vilivyong'arishwa, walioleta ndugu zao, wakaahidi kurudi keshokutwa, na hawakuonekana tena. Mama huyu aliweka sharti, akalisema mbele yetu sote. Mtu anayeweka sharti bado hajakutupa. Basi swali lilikuwa moja tu: nywele zitaota kabla ya treni?

Jumamosi iliyofuata nilimwomba Sista amwache mwanamke yule bila kumnyoa. Alivua miwani, akajifuta macho. Naye alikuwa amechoka kama sisi.

"Nikimwacha mmoja, kesho nina wodi nzima."

"Nitamchana mwenyewe, Sista. Kila jioni, kabla sijaondoka."

"Kwa sabuni ipi?"

"Kwa mafuta ya taa."

"Chawa mmoja, Mama Usafi. Nikimwona mmoja tu, wembe unapita. Na treni ikija sitaizuia."

Wagonjwa walipomwona mwenzao ameruhusiwa kukaa pembeni, ghasia ilianza. "Na mimi mume wangu hajafa!" alipiga kelele mmoja ambaye hakuwahi kuolewa. Mkuu wa Wilaya aliketi kwenye benchi kwa hasira, akainua mkono. "Na mimi wilaya yangu iko hai! Andikeni hilo!" Hata hivyo alinyolewa, huku akimtishia muuguzi uhamisho.

Kuanzia hapo, kila jioni baada ya kazi niliketi na mke wa mchimbaji penye mwanga wa mlango, tambara la mafuta ya taa mkononi na chanuo la meno membamba. Mafuta yenyewe yalipatikana kwa shida. Yaliyoingia kichwani mwake hayakuingia katika taa yangu nyumbani. Mgongo uliniuma. Hatukuongea sana. Wakati mwingine alijishika kisogoni, akauliza, "Zimefika wapi?" Nami nikamjibu zimefika hapo zilipo. Maradhi yalikuwa yamemnyonya. Nywele zake ziliota chache, nyembamba, zenye wekundu. Mvua zilipungua. Sista aliamrisha wale wa safari waandaliwe nguo, na mwanamke yule naye akakatiwa gauni kutoka shuka kuukuu. Alilikunja akaliweka chini ya godoro, asilivae.

Jioni moja nilikuta chawa. Nilimponda kwa kucha, nikaendelea kuchana. Sikumwambia Sista, na sijutii. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya usafi haikustahili kumgharimu mtu mtoto wake.

Treni ilikuwa ije wiki ileile mama mkwe aliporudi. Hakuna aliyempelekea habari; alihesabu mwenyewe siku ambazo nywele huchukua kuota. Mtoto sasa alikuwa mzito mgongoni. Hakusalimiana na mtu mpaka alipomketisha mkwewe chini, kati ya magoti yake, akapitisha vidole kichwani, mbele, pembeni, kisogoni, kama anayepima mtama. Sista alisimama mlangoni. Mimi niliacha kudeki.

"Fupi," alisema.

Akazipima tena kisogoni.

"Fupi mno." Kisha akafungua ncha ya khanga, akatoa uzi mweusi. "Kaa vizuri. Usitikisike."

Alimsuka kwa uzi asubuhi nzima. Kila kishungi kilimponyoka mara kwa mara, akakikamata upya, akizungumza kwa Kisukuma maneno ambayo sikuyaelewa yote, mengine yakiwa matusi kwa nywele zenyewe. Mkuu wa Wilaya alizunguka mara tatu, akainama kukagua. "Kazi nzuri," aliamua. "Huyu aajiriwe." Mama mkwe alicheka, ndiyo mara pekee nilipomwona akicheka. Alipomaliza, kichwa kilikuwa na vibutu vidogo vilivyosimama wima kama vijiti. Havikupendeza. Lakini hakuna ambaye angekitazama kichwa kile akadhani ni cha mjane.

Akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwa mama yake.

Mtoto alipiga ukelele. Alijinyonganyonga, akanyoosha mikono yote kwa bibi, akalia mpaka akakosa pumzi. Mama yake alimshika bila kumbana, kisha akamrudisha kwa bibi mwenyewe, taratibu, kama arudishavyo mtu kitu cha kuazima.

"Hanijui."

"Atakujuaje? Ulikuwa hupo," bibi alisema, akimfunga tena mgongoni. "Tembea nyuma yangu, akuone njiani." Kisha akatushukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, Sista. Wabeja, mayu."

Waliondoka hivyo kuelekea stendi: bibi mbele, mtoto akilia mgongoni pake shingo imegeuka, na mama nyuma yao na furushi lake, akitembea mahali ambapo mtoto angemwona.